Kompyuta iliyokarabatiwa isikabidhiwe kwa sababu tu inawaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalowagusa wasomaji wengi wanaonunua au kupewa kompyuta mpakato zilizokwisha kutumika na kukarabatiwa, yaani namna zinavyokaguliwa kabla ya kufika mikononi mwa wamiliki wapya. Nimeifanya kazi hii ya ufundi kwa miaka mingi, na ninachokiona mara kwa mara ni kwamba neno "imekaguliwa" hubandikwa kwenye mashine ambayo fundi ameiwasha, akaona skrini inatoa picha, akaizima na kuipangusa kwa kitambaa. Huko ni kuhakikisha kwamba inawaka tu. Kwa maoni yangu, ukaguzi haujafanyika mpaka ufanywe na mtu asiyekuwa yule aliyeitengeneza mashine, na matokeo yake yaandikwe kwa tarakimu kwenye karatasi itakayokabidhiwa pamoja nayo.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Wakati fulani nilipokea kompyuta iliyokuwa ikipata moto sana, nikaifungua na kukuta feni imejaa vumbi. Nilisafisha feni, nikafunga kila skrubu, nikaiwasha na kuiacha kwa dakika kumi hivi huku nikishughulika na kazi nyingine, nikaridhika. Siku chache baadaye mwenyewe aliirudisha akilalamika kwamba inazima ghafla kila anapokuwa katikati ya mkutano wa video. Nilipoifungua tena nilikuta ile dawa ya kupitisha joto, inayopakwa kati ya prosesa (chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta) na kipoozeo cha shaba, imekauka na kupukutika kama chaki. Katika zile dakika kumi prosesa haikuwa na kazi yoyote ya kuipasha moto. Ilipopewa kazi ya kweli kwa muda mrefu, joto lilipanda mpaka mashine ikajizima yenyewe ili isiungue. Vumbi nililoliona mwanzo ndilo lililonipumbaza, kwa kuwa nilikwisha kuamini kwamba nimepata ugonjwa, na hakuna aliyekuja nyuma yangu bila ya imani hiyo. Tangu siku ile hakuna kompyuta inayotoka mezani kwetu kabla ya kupewa kazi nzito kwa saa mbili mfululizo, joto likisomwa na kuandikwa na mtu mwingine.

Betri ndiyo inayoleta ugomvi mwingi zaidi kati ya muuzaji na mnunuzi, na ndiyo ambayo ukweli wake ni rahisi kuupata. Betri hizi za lithiamu huchakaa kwa kuchajiwa na kwa umri. Nyingi hutengenezwa zihimili mizunguko ya chaji (kujaa na kuisha mara moja ni mzunguko mmoja) kati ya 300 na 1,000 kabla uwezo wake haujashuka hadi karibu asilimia 80 ya ule wa awali. Katika Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti inayoonyesha uwezo ambao betri iliundwa nao na uwezo ilio nao leo inapojaa. Ikiwa iliundwa kwa watisaa 50 (kipimo cha nishati ambayo betri huhifadhi) na sasa inajaa kwa 24, mnunuzi anapata karibu nusu ya betri, hata kama alama iliyo pembeni mwa skrini inasema asilimia 100. Hata hivyo, ripoti peke yake nayo hudanganya, kwa sababu tarakimu zake ni makadirio ya betri yenyewe. Mkaguzi makini huijaza betri, huchomoa chaja, huchezesha video mpaka mashine izime, kisha huandika dakika ilizodumu. Nimeona betri zilizosomeka kuwa nzima zikikata ghafla zikiwa bado zinaonyesha asilimia 40. Na kabla ya yote hayo, kompyuta iwekwe juu ya meza iliyonyooka: ikiyumba, au padi ya kugusa ikiwa imeinuka upande mmoja na haibonyezeki vizuri, huenda betri imevimba, na betri iliyovimba haijadiliwi wala kupimwa, huondolewa.

Kwenye diski kuna mambo mawili, afya yake na kilichomo ndani. Afya husomwa kutoka kwenye kumbukumbu ambazo diski hujiwekea yenyewe, zinazoitwa SMART, ambazo hutaja saa ilizofanya kazi na idadi ya sekta, yaani vijisehemu vya kuhifadhia data, zilizoharibika zikabadilishwa. Tarakimu hii ya pili ikiwa inaongezeka kati ya mwanzo na mwisho wa jaribio, diski hiyo iko njiani kufa. Kuhusu kilichomo ndani, mafundi wengi bado hudhani kwamba kuformati kunatosha, ilhali mafaili ya mmiliki wa kwanza yanaweza kurejeshwa kwa programu za kawaida kabisa. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo wake wa kufuta data, nambari 800-88, mwaka 2006, na humo kuthibitisha kwamba data imefutika ni sehemu ya kazi. Diski za SSD, yaani zile za chipu zisizo na sahani inayozunguka, zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hujihamishia data ndani kwa ndani, hivyo kuandika juu yake hakuhakikishi kufika kila mahali. Hufutwa kwa amri iliyojengwa ndani ya diski yenyewe.

Kuna kasoro nyingine ambayo mkaguzi asiyeunganisha intaneti hataiona kamwe. Kompyuta nyingi za mtumba zilikuwa za makampuni, nazo huandikishwa katika mifumo ya usimamizi ya makampuni hayo. Fundi huweka mfumo endeshi (kama Windows) upya, kila kitu kinakwenda sawa, kompyuta inafungwa kwenye boksi. Mmiliki mpya anaiwasha, anaunganisha Wi-Fi, na papo hapo skrini inamkaribisha kwa jina la kampuni asiyoijua na kumdai nywila ya mfanyakazi. Hapo mtu wa watu ameshaanza kuonekana mwizi. Kwa hiyo hatua zote za kuianzisha kompyuta zipitiwe ikiwa imeunganishwa na intaneti, na BIOS, ile programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya mfumo endeshi, ifunguliwe kuhakikisha kwamba haina nywila ya mtu wa zamani.

Jambo la mfumo endeshi nalo lisemwe waziwazi. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa zilizo katika orodha yake. Wapo wanaoliruka sharti hilo kwa ujanja na kuuza mashine kama kwamba imekidhi. Kuweka Linux, mfumo endeshi mwingine usio wa Microsoft, kwenye mashine ya namna hiyo ni jambo jema, mradi mnunuzi aambiwe.

Vitu vingine ni vya dakika chache: kila kitufe cha kibodi kibonyezwe kimoja kimoja, kila tundu la USB lichomekwe kitu, skrini ionyeshe rangi moja moja, nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, ili nukta zilizokufa zionekane, bawaba zifunguliwe na kufungwa huku sikio likiwa karibu.

Najua mafundi wenzangu watalalamikia muda. Lakini kwa saa nyingi za majaribio haya mashine hujifanyia kazi yenyewe, na kumi zinaweza kupangwa mezani zikajaribiwa kwa pamoja. Muda wa mtu kwa kila moja, kwa uzoefu wangu, hauzidi nusu saa. Wengine husema ukaguzi mkali utazitupa jalalani kompyuta ambazo zingemfaa mtu, na hoja hii ina uzito, maana ripoti ya Umoja wa Mataifa ilionyesha kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mimi siombi mashine yenye betri ya saa moja itupwe. Naomba iandikwe kwamba ni ya saa moja, ili aichukue mtu anayefanyia kazi penye umeme. Herufi za daraja, A, B na C, zinazobandikwa na wauzaji hazisaidii hapa, kwa kuwa mara nyingi hueleza mikwaruzo ya nje, na kila muuzaji ana kipimo chake.

Karatasi tunayoitumia sisi ni ya ukurasa mmoja. Inataja dakika za betri, joto la juu kabisa, saa za diski na sekta zake, namna data ilivyofutwa, na kasoro zote tulizoziacha bila kuzitengeneza. Chini kuna nafasi mbili za saini, ya aliyetengeneza na ya aliyekagua. Kompyuta ambayo nafasi zake zote mbili zina mwandiko mmoja hurudi rafuni, hata kama mteja anasubiri mlangoni.

Wako,
Fundi wa kompyuta