Dhamiri ya mwuguzi si utoro

Mhariri,

Nasomea uuguzi hapa Kisumu, mwaka wa tatu. Juzi nilimwomba mwalimu wa wodi anisamehe, nisishike sirinji ya kufyonzea mimba iliyo hai. Akafunga daftari langu la mazoezi ya wodi bila kutia sahihi. "Basi kauze samaki ufuoni Dunga," akasema, wenzangu wakacheka. (Mamangu huuza omena, sikuona tusi.)

Msichana akiletwa anavuja damu namhudumia, na nimewahi kukesha na mmoja nikibadilisha shuka tatu. Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010 kinaruhusu utoaji mimba maisha au afya ya mama ikiwa hatarini. Kifungu cha 32 kinalinda dhamiri. Mbona darasani tunasomeshwa cha kwanza tu? Nipangiwe zamu nyingine, sitaki sahihi ya huruma.

Mwanafunzi wa uuguzi,
Kisumu