Ibara ya 40 isomwe hadi mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Kijiweni kwetu Magomeni Mapipa, tunapokunywa kahawa baada ya Isha, juzi ulizuka ubishi mpaka muuza kahawa akasahau kudai hela yake. Fundi cherehani mmoja alishikilia kwamba Rais Samia bado ana ngwe nyingine mwaka 2030, kwa kuwa amepigiwa kura ya urais mara moja tu na Katiba inaruhusu mara mbili. Nusu ya kijiwe ikawa upande wake.

Ninacho kijitabu cha Katiba ya 1977, kimechakaa hadi jalada nimelibandika selotepu. Nikakifuata nyumbani, nikawasomea kwa tochi ya simu. Ibara ya 40(2) kweli inasema hakuna mtu atakayechaguliwa zaidi ya mara mbili, na wengi huishia hapo. Teremka sasa hadi 40(4). Makamu akirithi kiti na kukikalia chini ya miaka mitatu, ruksa kugombea mara mbili. Akikikalia miaka mitatu au zaidi, mara moja tu. Mama aliapishwa Machi 19, 2021, siku mbili baada ya kifo cha Magufuli, ambaye muhula wake wa pili ulikuwa umeanza Novemba 2020. Fundi akahesabu kwa vidole, akanyamaza, akaagiza kashata. Mara moja hiyo ilikuwa 2025.

Nilidhani nimeshinda. Mzee mmoja wa pembeni, ambaye huwa haongei, akasema, "Mwalimu, hiyo ibara si wataibadilisha tu?" Nilikosa jibu.

Ukomo huu uliingia kwenye Katiba mwaka 1984, Nyerere akiwa bado Ikulu. Mwinyi, Mkapa na Kikwete kila mmoja alimaliza kumi yake akaondoka, nasi tukaona ni kawaida kama mvua za masika. Lakini ibara ya 98 haidai kura ya maoni. Theluthi mbili ya wabunge yatosha, na kwa mambo machache, kama ya Muungano, theluthi mbili ya wabunge wa kila upande, Bara na Zanzibar. Kwa Bunge ambalo karibu lote ni la chama kimoja, hesabu hiyo haihitaji kalamu. Waganda waliondolewa ukomo na Bunge lao mwaka 2005, na Museveni, aliyeingia 1986, hajatoka.

Huku kwetu mbunge mmoja alitaka muhula uwe miaka 7 mwaka 2017. Magufuli mwenyewe ndiye aliyeuzima mjadala. Zanzibar nako, kuelekea uchaguzi wa 2000, wapo waliotaka Dk. Salmin Amour aongezewe muhula wa tatu, na chama kikakataa. Mara zote mbili mambo yalimalizwa na wakubwa. Mwananchi hakuulizwa, na siku wakubwa wakiwa na mawazo mengine hataulizwa vilevile.

Wakenya wameliweka hili vizuri zaidi yetu (inauma kukiri). Ibara yao ya 255 inataka muda wa Rais usiguswe bila wananchi kupiga kura. Wanaodai Katiba mpya hapa nchini waliweke hilo juu kabisa, kabla ya kugombania Muungano uwe wa serikali mbili au tatu.

Kijitabu changu fundi kakiazima. Wiki ya pili sasa, na kila nikimuuliza ananiambia yuko ibara ya 60.

Mwalimu mstaafu,
Magomeni Mapipa, Dar es Salaam