Majumba ya pwani ya Unguja: barua kwa Mgaya

Forest ya Zamani,
Mbeya.

Ndugu yangu Mgaya,

Kamwene! Umeuliza kama yale majumba ya kale ya mapumziko, kaskazini mwa mji wa Zanzibar, yanastahili siku nzima au ni magofu ya kupita tu na kupiga picha. Yape siku nzima. Ila uende ukijua unatafuta nini, la sivyo saa nne asubuhi utakuwa umechoka kuona nguzo.

Kwa mtu wa Njombe, anayelala na blanketi mbili mwezi wa saba, habari ya nyumba ya kukimbilia joto ni ngeni kidogo. Mji Mkongwe umebanana. Kaskazi ikiingia, Desemba hadi Machi, joto la vichochoro vile halina pa kutokea. Wenye uwezo wakajijengea ukanda wa pwani, kilomita chache tu kutoka mjini, palipo na upepo wa bahari na maji matamu ya chemchemi. Kwa hiyo kila ukifika kwenye gofu, kabla ya kuta tafuta maji: yaliingilia wapi, yalikaa wapi, yalitokea wapi. Ukishayaona hayo, nyumba nzima inajipanga yenyewe.

Safari kwanza. Basi la Njombe linafika Dar jioni, na boti ya mwisho huwa imeshaondoka. Usijidanganye kuunganisha siku hiyohiyo. Lala Dar, panda boti ya asubuhi. Ni kama saa mbili baharini. Beba kitambulisho cha taifa, utakihitaji kukata tiketi. Kipindi cha kusi, Juni hadi Agosti, bahari inachafuka, hivyo kaa ghorofa ya chini upande wa nyuma, na usipande ukiwa umeshiba wali. Masika usiende kabisa: sakafu za mabafu ya kale zinaota ukungu, zinateleza kama sabuni.

Wageni wengi huanza na gofu la karibu na mji. Wewe anza la mbali, urudi. Panda daladala namba 502 mjini, shuka Bububu, kisha chukua bodaboda kama kilomita nne kuelekea ndani ya kisiwa hadi Kidichi. Patana bei kabla hujapanda, na umwambie akusubiri, maana kupata usafiri wa kurudi kule shambani ni shida.

Kidichi hakuna kasri, kuna hamamu, yaani nyumba ya kuogea. Seyyid Said bin Sultan, sultani wa Oman na Zanzibar, aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mke wake Shahrzad, mjukuu wa Shah, yaani mfalme wa Iran (Uajemi). Nje ni jengo jeupe la kawaida lenye kuba. Ndani inua macho: plasta ya chokaa imechongwa maua, mitende na ndege. Hapo simama kidogo. Waomani wa madhehebu ya Ibadhi hawakuwa watu wa mapambo mengi, sembuse picha za viumbe; kazi ile ni ya Kiajemi, iliyokuja na bibi harusi. Usiiguse. Chokaa iliyokwisha kunywa unyevu hubanduka kwa kidole, na ile rangi ya kijanikijani unayoiona ni kuvu, siyo rangi ya fundi.

Ukirudi Bububu utaambiwa jina limetokana na mlio wa treni. Ni kweli reli ilikuwepo, kama kilomita 11 kutoka mjini, ilianza 1905. Lakini jina lilikuwepo kabla ya treni, na maelezo ya kwamba ni sauti ya maji yanayobubujika yananiingia zaidi akilini. Chemchemi za upande huo ndizo Sultan Barghash, mwana wa Seyyid Said, alizozitumia kuupelekea mji maji ya mfereji.

Kuelekea mjini utapita kasri la Beit el Ras, ambalo limebaki baraza tu. Seyyid Said alifariki 1856 kabla halijaisha, na mawe yake mengi yakaenda kujengea reli ile ile. Kibweni pita bila kutoa simu. Ni jumba la serikali, lilijengwa 1915, na picha haziruhusiwi.

Shuka Mtoni. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Ni kasri kongwe kuliko yote ya Seyyid Said, limepewa jina la kijito kinachoingia baharini pembeni yake. Binti yake, Sayyida Salme, alizaliwa humo mwaka 1844. Baadaye aliolewa na Mjerumani, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake, ndiyo maana tunajua kuwa uani kulikuwa na tausi na mbuni na mabafu yasiyokauka watu. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia likageuzwa ghala, likaharibika vibaya.

Pima upana wa chumba kimoja kwa hatua. Utapata kama mita tatu, na vingine ni hivyo hivyo hata kama ni virefu sana. Siyo ubahili wa sultani. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kawaida mkoko mnyoofu wa kubeba dari haukuwa mrefu kuliko hapo. Juu ya boriti ziliwekwa mawe ya matumbawe na zege la chokaa, mzigo mzito kweli. Paa likivuja, ncha ya boriti iliyo ndani ya ukuta ndiyo inayooza kwanza, dari inashuka, na mvua inaingia kwenye kiini cha ukuta. Sisi tuliozoea matofali ya kuchoma tunaona saruji ni dawa ya kila ufa. Kule ni sumu. Inaziba ukuta usipumue, unyevu na chumvi vinabaki ndani, plasta inatoka vipande vizima. Ukiona kiraka cha kijivu, tazama kando yake.

Maliza na Marhubi, kama kilomita nne kutoka mjini, jioni, kwa sababu pwani ile inatazama magharibi. Barghash alilimaliza mwaka 1882. Moto ukaliteketeza 1899. Ghorofa ilikuwa ya mbao, ndiyo maana nguzo nene zimesimama peke yake kama zimesahaulika. Yaliyopona ni mabafu, birika na mabwawa, yaani sehemu za maji. Ingia kwenye bafu lenye kuba ujisikilize ukiongea.

Vaa viatu vya kufunika vidole, maana matumbawe yanakata. Beba maji lita mbili, noti ndogondogo za kiingilio (dai risiti), na nguo ya kufunika mabega na magoti, kwani unapita mitaani kwa watu. Ikiwa ni Ramadhani, usile njiani mchana.

Na zile hatua za Mtoni niandikie. Nataka kujua chumba kipana kuliko vyote ni hatua ngapi.

Msalimie mama watoto.

Wako,
Ambakisye