Kustaafu kabla ya 55 inawezekana, ila tuhesabu hela inayozaa

Ndugu Mhariri,

Kila mjadala wa kikokotoo, ile hesabu ya asilimia ya mafao unayopewa kwa mkupuo ukistaafu, ukifufuka kurasa zako za barua zinajaa, na mimi huwa nazisoma zote mpaka ya mwisho kwasababu na mimi nakatwa mchango kila mwezi kama mwajiriwa mwingine yeyote. 2018 tuligombana kuhusu asilimia 25, 2022 ikaja 33, halafu bajeti ya 2024 ikapandisha kidogo, waliokuwa wanapata 50 zamani wakawekewa 40 na wale wengine 35. Ni mambo ya maana na wazee wetu wameumia kweli. Ila naona nguvu zote tunamalizia kwenye hela ya kupewa ukifika 55 ya hiari au 60 ya lazima, na ile hela ambayo mtu anaijenga mwenyewe ili aondoke kazini siku anayotaka yeye hamna anayeigusa, ukiitaja watu wanakwambia hayo mambo ya Wazungu.

Sasa mimi naomba nishuhudie. Mwisho wa mwezi uliopita mimi na mume wangu tumevuka milioni 100, yani vitu vyote tulivyonavyo vinavyoingiza hela tukitoa kila senti tunayodaiwa. Mimi ni muuguzi hospitali binafsi hapa Moshi, mume wangu ana karakana ya kuchomelea mageti na madirisha, nna miaka 40 na watoto wawili wanasoma. Hatujarithi hela, hatujawahi kupata tenda. Nimeomba jina langu lisitoke maana ndugu wakisikia milioni 100 wanaona tumeificha chini ya kitanda, lakini niliona nisipoandika ntakuwa nimewanyima wengine, kwasababu wakati naanza nilitafuta sana mtu wa kawaida, mwenye mshahara wa kawaida, aniambie njia ikoje, sikumpata. Niliokuwa nawasikia ni wafanyabiashara wakubwa na wale wa semina za kulipia.

Hesabu yenyewe tunaifanya siku ya mwisho ya mwezi watoto wakishalala. Tuna kauntabuku moja, ukurasa wa kushoto tunaandika vinavyozaa, wa kulia madeni. Kushoto kuna vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja ambayo ukichangia unapewa vipande, nafungua simu naangalia bei ya kipande siku hiyo nazidisha na idadi, halafu hisa za benki hivyohivyo kwa bei ya soko, halafu hatifungani za serikali, yani hela tuliyoikopesha serikali kwa riba, tunaandika kiasi kile kile tulichonunulia. Kulia kuna mkopo wa SACCOS ambao mume wangu alichukua kununua mashine ya kukata chuma na jenereta. Unatoa, unapata namba moja, unaiandika chini na tarehe. Basi. Ukiipindua ile kauntabuku kuanzia mwanzo unaona maisha yetu yote humo, mwezi mtoto aliolazwa namba imeshuka, mwezi karakana ilipopata kazi ya shule imepanda.

Nyumba tunayokaa hatuiandiki, na hapa ndio nabishana na watu wengi. Mtu anakwambia mimi nna nyumba ya milioni 80 kwahiyo nna milioni 80. Sawa, lakini unalala ndani yake, haikupi hata buku, yenyewe ndio inakudai rangi, bati, fundi wa bomba, kodi ya jengo unakatwa kwenye luku kila mwezi. Inakuokolea kodi ya pango na hilo ni jambo kubwa sana, tena limeshapunguza matumizi yetu, sasa ukiihesabu tena kama hela umeihesabu mara mbili. Kiwanja nacho ni kizuri ila hakuna anayejua bei yake mpaka siku mnunuzi ameweka hela mezani, na siku una shida ndio dalali anakuletea wa nusu bei. Kihamba, shamba la ukoo, ndio kabisa, wazee wamezikwa pale, hakiuzwi, hakina bei. Na michango ya NSSF, ile ya pensheni tunayokatwa, hatuiandiki pia kwasababu hatuwezi kuigusa mpaka 55, ikifika itakuwa ya uzeeni.

Wenzangu kazini wananiuliza hela imekaa wapi hasa, nijibu hapa wote wasome. Nilianza na Umoja, ule mfuko wa kwanza wa UTT wa 2005, natuma kwa simu siku mshahara unapoingia kabla sijafika sokoni Mbuyuni. Ulipokuja mfuko wa Hatifungani 2019 nikaongeza na huo, ule unaanza na elfu 50 tu. Hisa tumenunua kidogo kidogo, na hisa zinataka moyo, CRDB walivyouzia wananchi 2009 ilikuwa 150 kwa hisa, ikaja kushuka chini ya hapo watu wakalia sana, leo iko mara kadhaa ya ile bei na waliouza kwa hasira hawapo. Halafu 2021 Benki Kuu ikaleta hatifungani ya miaka 25 kwa riba ya asilimia 15.95, kima cha chini milioni moja. Tulikuwa tumekusanya kwa ajili ya gari. Tukakaa chini tukaongea usiku kucha, mume wangu ndio akasema gari litazeeka, tukafungua akaunti ya CDS, ile inayotunza kumbukumbu za hatifungani zako, kupitia benki, mnada ulikuwa Jumatano kama kawaida yao, tukaweka milioni 10. Tokea hapo kila miezi sita inaingia 797,500. Mara ya kwanza ule ujumbe ulivyoingia kwenye simu nilikuwa zamu ya usiku, nikausoma mara tatu pale mezani kwa manesi, nikaona jamani kuna hela imekuja sijaifanyia zamu. Hatukuila. Hatujawahi kuila hata moja, zote zinarudi kununua vipande. Na tulibahatika na wakati maana mwaka uliofuata zile mpya za miaka 25 zikashushwa mpaka 12.56.

Sasa milioni 100 ina maana gani, maana kuna atakayesema ni namba ya duara tu inapendeza kutamka. Kwetu maana yake hii, miaka ya mwanzo kila kilichoongezeka kwenye kauntabuku kilitoka mgongoni mwetu, zamu zangu za ziada na mageti ya mume wangu, faida ilikuwa haionekani. Mwaka jana kwa mara ya kwanza faida imezidi tulichoweka wenyewe, tena kwa mbali. Tunaweka kama laki 5 kwa mwezi, milioni 6 kwa mwaka, na hela yenyewe imeleta karibu mara mbili ya hiyo. Hapo ndipo nilipoamini kwamba hili jambo lina mwisho.

Lakini wapo waliochangamka kupita kiasi, mwenzangu mmoja akapiga hesabu kwenye kalkuleta ya simu akaniambia sista, nyumbani kwenu mnatumia laki 9 kwa mwezi, ni milioni 10 na laki 8 kwa mwaka, milioni 90 kwa asilimia 12 inakupa hiyohiyo, wewe ushastaafu, andika barua kesho! Nimelifikiria sana hili na naomba wasomaji walifikirie kwasababu ndipo watu watakapoumia. Ile 797,500 ninayopata itakuwa 797,500 mpaka 2046, haiongezeki hata shilingi. Milioni 10 nitakayorudishiwa 2046 ni milioni 10 ileile. Mfumuko wa bei miaka hii ya karibuni umetulia kwenye asilimia 3 hivi, lakini Desemba 2011 ulifika 19.8 na tuliokuwa tunanunua sukari mwaka huo tunakumbuka. Hata ukikadiria asilimia 5 tu kwa mwaka, baada ya miaka 25 hela ileile inanunua chini ya theluthi ya inachonunua leo. Kwahiyo anayekula riba yote anakula na mtaji bila kujua, atajua akiwa na miaka 65 na hakuna atakayemwajiri. Riba ya asilimia 12 usiione ni asilimia 12 ya kula, sehemu kubwa yake ni ya kurudisha ili mtaji usichakae.

Kule Marekani 1994 mshauri wa fedha anaitwa William Bengen alichukua takwimu za masoko yao kuanzia 1926 akapiga hesabu akaona mtu akitoa asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, halafu miaka inayofuata akaongeza kulingana na bei zinavyopanda, hela inamfikisha angalau miaka 30. Ndio ilipotoka ile ya kusema uwe na mara 25 ya matumizi yako ya mwaka. Hizo ni takwimu zao na soko letu la hisa la Dar limeanza 1998 tu, halijafikisha umri wa kutupa hesabu kama hiyo, lakini tumeamua tuifuate kwasababu inatulazimisha kuwa waangalifu. Kwetu ni milioni 270 kwa matumizi ya leo. Tumevuka theluthi. Na lengo lenyewe linasogea kila bei zikipanda kwahiyo kila Januari tunalihesabu upya, tukienda hivihivi naona miaka nane mpaka tisa, ntakuwa na 48 au 49.

Na hiyo laki 9 muiangalie vizuri imebeba nini. Mimi niko wodini, nimeona watu wazima wenye akiba nzuri wakimalizwa na figo au kansa ya mzazi ndani ya mwaka mmoja, kiwanja kinauzwa, ng'ombe wanauzwa, duka linafungwa. Ukiacha kazi na bima ya mwajiri inaondoka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepita 2023 na mimi naisubiri kwa hamu kuliko hata kikokotoo, lakini kwa sasa kwenye matumizi yetu tumeweka bima ya watu wanne kana kwamba hatuna mwajiri, na mama yangu ndani. Anayepanga kustaafu mapema bila mstari wa bima kwenye bajeti yake naomba asiite mpango.

Mstari mwingine ni michango. Harusi, sendofu, kichen pati, misiba, ada ya mtoto wa shemeji. Kuna wanaoshauri ukate kabisa ili uweke akiba na mimi siwaungi mkono hata kidogo, siku baba mkwe alipofariki waliochimba kaburi na kupika ni hao hao. Tumeweka kiasi maalum kila mwezi, kinakaa kwenye simu laini nyingine, kikiisha kimeisha nasema kwa heshima mwezi ujao jamani. Msiba peke yake ndio hauna mwezi ujao. Ndugu walinung'unika mwaka wa kwanza, sasa hivi wamezoea na wanajua sista haahidi hewa. Kilichotuokoa zaidi kwa kweli ni kutogusa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, kuna wauguzi wazuri sana nawajua wanafanya kazi mwezi mzima na siku ya mshahara kadi ya benki iko kwa mkopeshaji, hao ukiwaambia hatifungani unawatukana, kwanza wasaidiwe kutoka huko.

Na sistaafu ili nikae. Kazi yangu naipenda, naomba Mungu anipe nguvu niendelee kuwaona wajawazito kliniki siku mbili tatu kwa wiki mchana. Ninachotaka kukiacha ni zamu za usiku, mgongo umeanza kusema, na nataka niwe nyumbani wakati mtoto wa mwisho anaingia sekondari.

Kwahiyo Mhariri nina ombi. Mnatuandikia bei za dola, mnaandika mabilioni yaliyouzwa kwenye mnada wa hatifungani kwa lugha ya wachumi, sisi tunaruka ukurasa. Tupeni kona ndogo kila wiki kwa Kiswahili cha kawaida, mnada ujao lini na wa miaka mingapi, riba gani, milioni moja itamlipa mtu shilingi ngapi na tarehe gani, bei za vipande wiki hii na mwaka jana wiki kama hii. Muuza duka wa Himo aelewe, mwalimu wa Rombo aelewe. Na kama kuna mchumi anaona hii ya mara 25 haifai kwa shilingi yetu basi aandike humu humu atuambie yeye angeweka mara ngapi na kwanini, ntaisoma barua yake na mume wangu kabla hatujapeleka hela nyingine mnadani.

Msomaji wenu,
Muuguzi, Moshi