Kipofu wa Alexandria naye apewe nafasi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji aliyeandika juzi eti miujiza ni ya Biblia tu, wapagani walikuwa na mazingaombwe. Mi mwenyewe Mkristo, Jumapili nipo kwaya, lakini hapo kaka yangu umeteleza.

Mchukue Vespasian. Ndo kwanza ametangazwa kaisari wa Roma, yuko Alexandria, mwaka 69 kuelekea 70, anakuja kipofu anampigia magoti, mungu Serapis kamwelekeza, anaomba atemewe mate machoni, na mwingine mkono mbovu anataka kaisari aukanyage. Vespasian akacheka kwanza, halafu akaogopa aibu, akaita madaktari wapime, nao wakasema macho hayajafa kabisa, na isitoshe ikifeli watakaochekwa ni hao maskini wala si yeye (siasa bana). Akatema, akakanyaga, wakapona. Anayetuambia ni Tacitus, mwanahistoria wa Roma, mtu ambaye makaisari hakuwa akiwapaka mafuta, na anasema waliokuwepo bado walikuwa wanasimulia hata wakati uongo huo haulipi tena. Sasa fungua Marko 8, kipofu wa Bethsaida, mate yaleyale, na mwanzoni anaona watu kama miti inatembea.

Wengine wakisikia hivyo wanarukia upande wa pili, kumbe Wakristo walikopi! Walikopi wapi, wakati wasomi wengi wanaiweka Marko karibu na mwaka 70 na Tacitus kaandika mwanzoni mwa karne ya 2? Mate yalikuwa dawa ya macho kwa watu wa zama zile, hata Pliny, mwandishi wa Roma, kayaandika humo kwenye tiba zake, kwa hiyo kila mtu alikuwa anayajua.

Ninachotaka mimi ni mizani moja. Apollonius wa Tyana, mwanafalsafa wa kipagani, anasemwa alimfufua bibi harusi Roma, tunamkataa haraka kwa kuwa Philostratus, aliyesimulia maisha yake, kaandika zaidi ya miaka 100 baadaye na yeye mwenyewe anasitasita kama binti alikuwa amekufa kweli. Sawa kabisa, ila kuna watakatifu wetu ambao habari zao zimeandikwa miaka mingi zaidi baada ya kufa, na hao tunawapigia makofi bila kuuliza swali. Justin Shahidi, mwandishi Mkristo wa karne ya 2, hakuogopa kuwaambia wapagani kwamba tunayosema juu ya Yesu kuponya viwete yanafanana na yenu ya Asclepius, mungu wa uponyaji wa Wagiriki. Sisi tunaogopa nini?

Na msomaji wangu, kabla hujacheka tena, kuna jiwe pale Epidaurus, Ugiriki, la karne ya 4 kabla ya Kristo, linamtaja mama mmoja wa Athens anaitwa Ambrosia, jicho moja halioni, akawa anapita hekaluni kwa Asclepius anacheka shuhuda za waliopona. Usiku akaota Asclepius anamwambia nitakuponya, ila utaniletea nguruwe wa fedha, kumbukumbu ya ujinga wako. Asubuhi akatoka anaona.

Msomaji wenu,
Morogoro