Riwaya isomwe darasani: barua ya wazi kwa Kamishna wa Elimu

Kamishna wa Elimu,
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

Ndugu Kamishna,

Yah: Vipindi vya klabu ya riwaya katika somo la Kiswahili

Ukimwomba muuza vitabu wa stendi riwaya ya Takadini, usishangae akikuletea uchambuzi wake. Ni kijitabu chembamba: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi, vyote vimepangwa kwa namba. Mwanafunzi wa kidato cha nne ananunua hicho, asiye na hela anatoa kopi ya desa (muhtasari wa kukariri) la mwenzake, na siku ya mtihani wote wawili wanajibu. Nafundisha Kiswahili katika shule ya kata na nawajua vijana waliofaulu vizuri tu swali la riwaya wakati riwaya yenyewe hawajawahi kuishika.

Siwalaumu, maana sisi ndio tuliowaonyesha njia hiyo. Swali tumelizoea: kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, thibitisha kauli fulani, hoja tatu kutoka kila kitabu. Vitabu navyo ni vile vile kwa miaka mingi, Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu. Dada mtu alivisoma, mdogo wake akarithi madesa. Ukishakariri kwamba hiki kina mila potofu, kile kina umaskini na kile kingine kina rushwa, una nini tena cha kutafuta ndani?

Ninachoomba ni kidogo. Toa waraka unaoruhusu vipindi viwili mfululizo kila wiki, kwa kidato cha tatu na cha nne, viwe vya klabu ya riwaya, na vihesabiwe kuwa ni ufundishaji kamili. Nasisitiza ndani ya ratiba. Klabu za baada ya saa za masomo tunazo, na wanaobaki ni wale wale wanaopenda kusoma. Anayekaa mbali na shule, au anayetakiwa kuwahi nyumbani kuchota maji, hatumwoni huko.

Namna yenyewe haina ugumu. Darasa la wanafunzi 60 linagawanywa makundi kumi ya watu sita. Kila kundi lina nakala moja, msomaji anasoma kwa sauti kurasa chache, wengine wanafuatilia. Kila mmoja analeta swali moja ambalo jibu lake halimo kwenye uchambuzi. Hilo ndilo sharti. Katibu wa kundi anaandika yale wasiyokubaliana, kwa kuwa yale waliyokubaliana kwa kawaida ni ya kwenye desa. Wiki inayofuata msomaji na katibu wanabadilishwa, la sivyo mwenye mdomo mwepesi atalimeza kundi zima. Mwalimu anazunguka na kusikiliza. Hapo kwenye kusikiliza ndipo tunaposhindwa wengi wetu, kwa sababu tumefunzwa kwamba mwalimu aliyenyamaza hafanyi kazi.

Chukua Sekai, mama yake Takadini. Uchambuzi unamwandika hivi: mwanamke amechorwa kama jasiri, amechorwa kama mlezi. Basi, yameisha. Kwenye kundi maswali yanakuwa mengine. Wake wenzake walionaje alipojifungua mtoto mwenye ualbino, yeye ambaye miaka yote hiyo hakuwa na mtoto? Makwati kama mume na baba alipaswa kufanya nini? Chivero, mzee wa kijiji kingine, alimpokea mgeni aliyekuja na mtoto wa namna ile. Ingekuwa kwenu, nani angempokea? Hapo wanaanza kubishana, na anayebisha anaambiwa atafute ukurasa. Anarudi kitabuni kwa hiari yake, jambo ambalo sijawahi kulipata kwa kutishia mtihani.

Na hili la Takadini, Ndugu Kamishna, lina uzito wake kwetu. Nchi hii imeshuhudia watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, hasa kuanzia katikati ya miaka ya 2000. Vijana tunaowafundisha wamekulia katika familia ambazo habari hizo zilizungumzwa kwa kunong'ona. Sisi tunayo mezani riwaya ya mama aliyekataa mwanawe auawe, halafu tunaifupisha kuwa "mila potofu, hoja namba mbili". Ukiwaachia wazungumze, atatokea mmoja atakayesema waziwazi alichosikia kwa bibi yake kuhusu watu hao. Darasa litapiga kelele. Mwenzake atamjibu, na jibu la mwenzake litamwingia kuliko ubao wangu wote. Imani ya namna hiyo ikibaki moyoni haiguswi na hoja tatu za mtihani. Mwenye nayo atazijibu zote na kutoka nayo mlangoni.

Kelele ndiyo lawama ya kwanza tunayopata. Mkuu wa shule mmoja niliyefanya naye kazi aliwahi kuniuliza mbele ya darasa kwa nini nimeacha wanafunzi bila mwalimu, nami nimesimama nyuma yao. Anayekuja kukagua anataka kuona azimio la kazi, andalio la somo, ubao ulioandikwa na madaftari yaliyosahihishwa. Mjadala hauachi chaki ubaoni. Ndiyo maana nataka waraka: mwalimu akiulizwa awe na cha kuonyesha, na wathibiti ubora wajue wakague nini, kwa mfano daftari la katibu wa kila kundi. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa 2024, umejengwa juu ya umahiri. Sijui umahiri gani wa fasihi unaopimwa kwa mtu ambaye hajasoma.

Wala tusisubiri semina na posho zake. Pwani watu wamekaa darsa tangu enzi: kitabu kimoja, msomaji mmoja, waliokizunguka wanauliza.

Nakala kumi kwa mkondo, yaani kwa kila darasa, si nyingi, fungu la vitabu la shule linaweza kuzibeba, na zinatumika miaka kadhaa. Lakini ningependa tuende mbele kidogo. Tangu 2023 Wizara hii inatoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Ni jambo jema sana, na naona washindi wakipigiwa makofi. Riwaya mojawapo iliyoshinda ipelekwe kwenye klabu kila mwaka, nje ya orodha ya mtihani. Uzuri wake mkubwa ni kwamba bado haina desa mtaani. Hata mwalimu atalazimika kuisoma.

Najua mtihani ni kazi ya Baraza la Mitihani, ila sauti yako huko inasikika. Wenzetu wa Kenya, katika karatasi yao ya fasihi ya kidato cha nne, humpa mtahiniwa dondoo kutoka kitabu teule na kumtaka aeleze muktadha wake. Miongozo huko nako inauzwa, tena sana. Hata hivyo dondoo linamdai mtu ajue nani alimwambia nani, wapi, na kwa sababu gani. Swali moja la aina hiyo katika sehemu ya riwaya lingetosha kwa kuanzia.

Maazimio ya kazi ya mwaka tunayaandaa kabla shule hazijafunguliwa Januari. Waraka ukitufikia kufikia mwisho wa Novemba, vipindi hivyo vitaingia kwenye ratiba pamoja na vingine. Ukija Februari, ratiba itakuwa imeshabandikwa, na jibu la ofisi ya taaluma nalijua: mwakani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kiswahili,
shule ya kata, mkoani Morogoro