Shukrani kwa kaka wa ovaroli ya buluu, Ngamiani

Kaka yangu, jina lako sikulipata, ila shukrani zikufikie popote ulipo. Jumamosi pale Ngamiani, Tanga, nilikuwa nimeshatoa pesa mfukoni ninunue tabo (turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini) ya mtumba ya Subaru Forester. Muuzaji kaing'arisha kama sufuria ya harusi. Ukaomba kuishika. Ukaitikisa shafti, ule mhimili unaozunguka ndani yake, kulia na kushoto, ukasema kucheza kidogo hivyo si tatizo, oili ikipanda inaibeba. Ukaisukuma ndani na kuivuta nje: tak, tak. Kucheza huko ndiko kubaya. Ukawasha tochi ya simu, ukanionyesha panga moja la feni limemeguka ncha. Likiendelea kumeguka, vipande vinafuata hewa kuelekea kwenye injini.

Muuzaji alinuna. Wewe wala hukumgombeza, ulimwambia tu, "Bwana, hii ni ya kutengeneza kwanza, bei yake si hiyo." Na soda ukakataa!

Nyingine nimeipata kwa mtu wa Chumbageni, shafti imetulia. Tumeandikiana kama ulivyonielekeza: majina, namba ya chesisi ya gari ilikotoka, tarehe, sahihi. Fundi anaifunga wiki hii kwa gasketi mpya na oili mpya. Mungu akulipe kheri, kaka.